Kikosi cha Ushindi Pale Kanuni Zinapobana: Jibu kwa Mchezaji wa Splinterlands

Swali la msomaji: “Mtaalamu, salamu nyingi. Nina miezi minane nikicheza Splinterlands katika uwanja wa Wild, ule unaoruhusu karata za matoleo yote, na karata zangu nyingi ni za maji na za moto. Pambano lisilo na masharti magumu nalishinda mara nyingi, lakini kanuni zikibana napigwa vibaya. Juzi mana ilikuwa 20, viumbe wa uchawi walipigwa marufuku, na makundi yaliyoruhusiwa yalikuwa moto, maji na uhai. Nilimchagua Alric Stormbringer kuwa mwitaji wangu, mbele nikaweka kiumbe mkubwa wa mana 9, nyuma yake wapiga mishale wawili, mmoja wa mana 5 na mwingine wa mana 3. Mpinzani alikuja na Tyrus Paladium na viumbe sita wadogo wadogo, akanimaliza kabla sijamwangusha hata wa tatu. Ninunue karata gani ili nisiaibike tena?”

Ndugu yangu, ahsante kwa kueleza pambano lenyewe badala ya kulalamika tu, kwa sababu kosa lako linaonekana waziwazi ndani ya maelezo hayo, na si kosa la upungufu wa karata. Swali la ununuzi nitalijibu mwishoni, kwani jibu lake litategemea haya yatakayotangulia.

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawajawahi kuufungua mchezo huu, nieleze kwa ufupi. Splinterlands ni mchezo wa karata za kidijitali; ulianza mwaka 2018 kwa jina la Steem Monsters, na mwaka 2020 ulihamia kwenye mnyororo wa data (blockchain) wa Hive. Kila mchezaji huchagua mwitaji mmoja, ambaye huamua kundi la karata utakalotumia na kwa kawaida hukipa kikosi kizima nyongeza fulani, kisha hupanga nyuma yake viumbe wasiozidi sita kwa mpangilio maalumu. Mwitaji na viumbe wote wana gharama ya mana, yaani pointi unazotumia kuwaita, na jumla yao haitakiwi kuvuka kikomo kilichotangazwa kwa pambano hilo. Ukishathibitisha kikosi, kazi yako imekwisha: pambano hujiendesha lenyewe, raundi kwa raundi, nawe unabaki mtazamaji. Kabla ya hapo, hata hivyo, mfumo hukuonyesha kikomo cha mana, makundi yaliyoruhusiwa na kanuni za siku hiyo, ambazo zinaweza kuwa moja, mbili au zaidi. Dakika hizo chache za kupanga ndizo mchezo wenyewe.

Mtu aliyekulia kwenye mkeka wa karata za kawaida analijua jambo hili bila kufundishwa. Turufu ikishafunuliwa kuwa uru, karata zote mkononi hubadilika thamani papo hapo: ile mbili ya uru uliyokuwa unaidharau sasa inaweza kumla mzungu wa nne wa kopa. Hakuna anayeendelea kumkumbatia mzungu wake kwa sababu tu jana alimletea ushindi. Lakini mtu huyohuyo akiingia kwenye mchezo wa simu, hukishika kikosi alichokizoea, akakipunguza hapa na pale ili kitoshee kanuni, kisha akashangaa kwa nini kimelegea. Ndivyo ulivyofanya. Ulipoona uchawi umekatazwa, ulijiuliza: “Katika karata zangu, zipi zimebaki?” Swali hilo halitoshi. Mpinzani naye amekatazwa vilevile, kwa hiyo swali lenye faida ni hili: kwa kuwa kitu fulani kimeondolewa kwetu sote, ni hofu gani ambayo sina tena sababu ya kuilipia, na ni kinga gani ambayo jana ilikuwa dhaifu na leo haina wa kuivunja?

Tulichukue pambano lako tuone. Katika Splinterlands kuna mashambulizi ya aina tatu: la karibu, la mshale na la uchawi. Uchawi una sifa mbili ambazo mengine hayana. Kwanza, hupita deraya, yaani ngao ya nje ya kiumbe, na kugusa pointi zake za uhai moja kwa moja. Pili, haukosi shabaha, wakati mashambulizi ya karibu na ya mshale yanaweza kukosa pale anayepigwa anapokuwa mwepesi kuliko anayepiga, na kila pointi moja ya tofauti ya kasi huongeza uwezekano wa kukosa kwa asilimia 10. Sasa uchawi ukipigwa marufuku, matokeo yake ni mawili, nayo yanafuatana kama usiku na mchana: deraya imempoteza adui wake mkubwa, na kasi imekuwa kinga dhidi ya kila pigo litakalorushwa uwanjani. Mpinzani wako aliliona la kwanza. Tyrus Paladium, mwitaji wa kundi la uhai, hugharimu mana 3, na kazi yake ni kumwongezea kila kiumbe deraya moja. Katika pambano la kawaida nyongeza hiyo ni ya wastani tu, kwa kuwa mwenye wachawi watatu ataipuuza. Juzi ilikuwa ngome.

Watu wengi hawajui deraya inavyohesabiwa, hivyo niliweke wazi. Pigo likitua kwenye deraya, sehemu inayozidi haivuki kwenda kwenye uhai, isipokuwa kama mpigaji ana kipaji cha kutoboa. Maana yake ni kwamba deraya moja tu humeza pigo la 1, na humeza vilevile pigo la 5. Mpinzani alikuwa na viumbe sita, kila mmoja na deraya moja kutoka kwa Tyrus, hata kama kwa asili hakuwa nayo. Hayo ni mapigo sita yatakayopotea bure. Wewe ulikuwa na viumbe watatu, yaani mapigo matatu kwa raundi. Kwa hesabu hiyo, hata kama usingekosa shabaha hata mara moja, mapigo ya raundi mbili nzima ya kikosi chako yalikwisha kutengwa kwa ajili ya kubomoa deraya tupu, huku yeye akikurushia mapigo matano au sita kila raundi. Kiumbe wako wa mana 9 alikuwa na pigo kubwa, bila shaka, lakini ukubwa wa pigo haununui kitu mbele ya deraya; kinachonunua ni wingi wa mapigo.

Na Alric je? Kazi yake ni kuongeza pointi moja kwenye kila shambulio la uchawi. Siku ambayo uchawi umekatazwa, mana 3 ulizompa zimekuwa kiingilio cha kutumia karata za maji, basi. Nakubali kwamba mkono umezoea, na uso wake ndio wa kwanza kwenye orodha yako. Hata mimi nilifanya hivyo zaidi ya mara moja nilipoanza, na kila mara nikasema nimeonewa na bahati.

Ukilishika wazo hilo, kanuni nyingine zitaanza kukufungukia zenyewe. Chukua kanuni inayoruhusu wapiganaji wa karibu pekee, ile inayoandikwa Up Close & Personal. Mpiganaji wa karibu hupiga akiwa nafasi ya kwanza tu, ila kama ana kipaji cha kunyatia nyuma, au cha kumtafuta aliye dhaifu zaidi, au cha kufikia akiwa nafasi ya pili. Kwa hiyo kabla ya kuangalia nguvu ya kiumbe, hesabu ni wangapi kati ya hao unaowapanga watakaopiga kutoka pale walipo. Nimeona vikosi vya viumbe sita wenye sura za kutisha, ambamo mmoja tu ndiye anayefanya kazi na watano wamepanga foleni kama watu wanaosubiri daladala. Zintar Mortalis, mwitaji wa kundi la kifo anayepunguza pointi moja kwenye kila shambulio la karibu la adui, siku hiyo anageuka kuwa mtu mwingine: pigo la 2 limekuwa 1, yaani ameondoa nusu ya nguvu za kila kiumbe wa upande wa pili mwenye pigo hilo, na hakuna shambulio la aina nyingine la kumkwepa. Mylor Crowling wa kundi la ardhi, ambaye huwapa viumbe wake miiba, huwafanya washambuliaji wajiumize wenyewe kwa kila pigo wanalotua. Siku ambayo wapiganaji wa karibu ndio waliokatazwa, Zintar na Mylor wote wawili hawana thamani hata ya nusu mana.

Kanuni hiyo ya pili, ya kuwakataza wapiganaji wa karibu, ina mtego ambao ulinigharimu mimi mwenyewe. Mpiga mshale hapigi akiwa nafasi ya kwanza, isipokuwa awe na kipaji maalumu cha kupiga karibu. Nilipanga kikosi cha wapiga mishale wanne nyuma ya kiumbe mmoja wa mbele asiyeshambulia, mwenye uhai mwingi, nikaona nimepatia. Raundi mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha yule wa mbele akaanguka, mpiga mshale wa kwanza akasogezwa mbele, akanyamaza. Akaanguka, wa pili akasogea, naye akanyamaza. Mwisho nilibaki na mpiga mshale mmoja mzima kabisa, mwenye pigo la 3, mbele ya mchawi wa adui aliyebakiwa na uhai 2. Pigo moja lingemaliza kazi, lakini wangu alikuwa nafasi ya kwanza kwa sababu hakuwa na mwenzake, akasimama anatazama mpaka akauawa kwa pigo moja moja. Tangu siku hiyo, wapiganaji wa karibu wakikatazwa, huhakikisha kwamba angalau kiumbe mmoja wa mwisho kwenye mstari ni wa uchawi, kwa kuwa mchawi hupiga kutoka nafasi yoyote, hata akibaki peke yake.

Sasa niseme juu ya mana, maana naona umeichukulia kama fedha za aina moja. Kila kikosi kina bajeti mbili: mana, na nafasi sita. Jambo la kwanza la kujiuliza ni bajeti ipi itakayokuishia mapema. Kikomo kikiwa 12, ukimtoa mwitaji wa mana 3 unabaki na 9. Hapo mana ndiyo haba, nafasi zipo tele, na kiumbe wa mana 0 kama Furious Chicken, ambaye ana uhai kidogo sana, anakuwa wa thamani kwa sababu anajaza nafasi bila kukutoza. Muweke mwisho wa mstari atameza pigo moja la wale wanaonyatia nyuma; na wale wanaomtafuta aliye dhaifu zaidi watamfuata yeye kwanza, popote utakapomweka, badala ya kumfuata mponyaji wako. Kikomo kikiwa cha juu sana hali inageuka: mana huwezi kuimaliza, nafasi ndizo haba, na kila nafasi uliyompa kiumbe wa bei nafuu ni hasara.

Kanuni zinaweza kuigeuza hesabu hiyo bila wewe kugundua. Little League inaruhusu waitaji na viumbe wa mana 4 kwenda chini tu. Piga hesabu: mwitaji wa 4 na viumbe sita wa 4 kila mmoja ni jumla ya 28. Kikomo kilichotangazwa kikiwa 40, kikomo chako cha kweli ni 28, na pambano ambalo lilionekana kuwa la matajiri ni la kugombea nafasi. Siku hiyo jaza wa mana 4 watupu, usiweke wa mana 2 kwa mazoea ya Little League uliyoicheza jana na mana 17. Nimewashinda wachezaji wenye karata bora kuliko zangu kwa sababu hiyo tu: walikuwa wanabana matumizi siku ambayo hakuna aliyewadai.

Zipo pia kanuni za namba shufwa na witiri, ambazo wengi huzichukulia kuwa za bahati nasibu. Tuseme kikomo ni 20 na viumbe wanaoruhusiwa ni wa gharama shufwa tu. Ukichagua mwitaji wa mana 3 umebakiwa na 17, lakini jumla ya namba shufwa haiwezi kuwa 17. Utatumia 16 na moja itapotea. Kwa hiyo mwitaji wa mana 4 siku hiyo hakugharimu chochote zaidi, na kama nyongeza yake ni bora, ni bure. Kwa witiri hesabu ina kona nyingine: viumbe sita wa gharama witiri jumla yao huwa shufwa daima, na watano jumla yao huwa witiri. Ukibakiwa na 17 baada ya kumtoa mwitaji, utapata kuitumia yote kwa viumbe watano au watatu, si kwa sita. Ni hesabu ya darasa la nne, ila ndani ya dakika zile chache mtu huisahau, akabaki anajaribu karata moja moja huku saa inakimbia.

Kuna kundi lingine la kanuni ambazo hazikatazi kitu bali huleta balaa kwa wote, na hapa mazoea huponza zaidi. Earthquake, tetemeko, huwapiga viumbe wote wasiopaa pointi 2 mwishoni mwa kila raundi. Pigo hilo huanza kwenye deraya kama pigo lolote la karibu. Noxious Fumes huwatia viumbe wote sumu tangu mwanzo, nayo sumu hunyonya uhai 2 kila raundi bila kujali deraya. Ukiziangalia juu juu ni kanuni zinazofanana, kumbe zinataka vikosi viwili tofauti kabisa. Kwenye tetemeko, Tyrus ni chaguo zuri, kwa kuwa ile deraya moja, kama bado haijavunjwa, humeza mtikisiko wa kwanza mzima. Na kiumbe anayepaa hata hausikii. Kwenye sumu, Tyrus hakusaidii dhidi ya hewa hiyo chafu, anayepaa anakufa sawa na anayetambaa, na wanaonusurika ni wenye kinga ya asili na wenye uhai mwingi wa kuanzia. Kipaji cha kusafisha nacho husaidia, ila humfaa tu aliye nafasi ya kwanza.

Tetemeko likija pamoja na Little League, fanya hesabu hii kabla ya kugusa karata. Kiumbe mdogo mwenye uhai 3, asiye na deraya na asiyepaa, atakufa mwishoni mwa raundi ya pili hata kama hakuna aliyemgusa. Mwenye uhai 5 atakufa mwishoni mwa ya tatu. Kwa hiyo pambano zima litakwisha mapema, na wenye faida ni wale wanaopiga katika raundi mbili za kwanza pamoja na wale wanaopaa. Viumbe ambao nguvu zao hukua polepole, kwa mfano wale wanaoongezeka uhai kila kiumbe mmoja uwanjani anapoanguka, watakuwa wamekufa kabla ya kukua. Naye mponyaji wa mstari wa mbele anarudisha uhai kwa mmoja tu, wakati tetemeko linawapiga sita. Si kwamba ni karata mbaya. Umri wa pambano umefupishwa, nazo zilitengenezwa kwa pambano refu.

Reverse Speed huwapa zamu ya kwanza viumbe wazito na kuwafanya wao ndio wagumu kupigwa, hivyo mwitaji anayeongeza kasi ameongeza mzigo. Unprotected huondoa deraya zote, na Tyrus anabaki jina. Silenced Summoners huwanyima waitaji wote nyongeza zao. Hapo mchukue wa bei ya chini kabisa katika kundi lenye viumbe unaowataka, kwa maana amekuwa ufunguo wa mlango na si zaidi. Kanuni hizi tatu hazihitaji mjadala mrefu.

Back to Basics ndiyo ningependa uitafakari zaidi, kwa sababu inafundisha bei. Siku hiyo viumbe wote hupoteza vipaji vyao. Sasa, mana ya karata hulipia vitu viwili kwa pamoja: namba zake, yaani nguvu, kasi, deraya na uhai, na vipaji vyake. Kiumbe wa mana 7 mwenye vipaji vitatu mara nyingi ana namba za kiumbe wa mana 5. Vipaji vikifutwa, umelipa 7 ukapewa 5. Kwa upande mwingine, karata ambayo watu huiita ya kijinga kwa kuwa haina kipaji chochote imelipiwa namba tupu, na siku hiyo hailazimiki kuacha kitu mlangoni. Kumbuka pia kwamba kunyatia na kufikia ni vipaji. Wanyatiaji wako wote wa nafasi ya tatu na ya nne watakaa kimya. Ukiwa na subira ya kupitia karata zako siku moja na kuandika pembeni zile zenye namba nzuri kwa bei ndogo, orodha hiyo ya kumi na tano au ishirini itakutoa katika shida nyingi.

Usipuuze pia kile unachoonyeshwa kuhusu mpinzani. Vikosi vyake vya karibuni huonekana unapopanga, na mapambano ya mchezo huu yameandikwa hadharani, hivyo unaweza kutazama namna wachezaji wa ngazi za juu walivyoipanga kanuni fulani. Nakushauri utazame kwa lengo moja: si kunakili kikosi, kwani huenda karata zao zimekuzwa hadi viwango ambavyo wewe huna, bali kuona ni nini wamekiacha nje. Mchezaji mzuri ambaye kwa kawaida huwa na mponyaji, akimwacha nje siku fulani, amekuambia jinsi anavyoielewa kanuni hiyo. Kuhusu kukisia kikosi cha mpinzani, nina tahadhari moja. Akitumia kundi la maji mara tatu mfululizo, usijenge kikosi chote dhidi ya maji, maana kanuni za leo zinaweza kumsukuma kwingine kama zinavyokusukuma wewe. Jenga kwanza kwa ajili ya kanuni. Kisha, kama kuna nafasi moja ya kuchagua kati ya karata mbili zinazolingana, hapo tabia yake ikusaidie kuamua.

Turudi kwenye pambano la juzi na karata za maji ulizonazo. Tumesema uchawi ukikatazwa, deraya na kasi ndizo zinazopanda bei. Katika kundi la maji yupo mwitaji aitwaye Kelya Frendul, wa toleo la Chaos Legion, anayegharimu mana 4 na kuwaongezea viumbe wote kasi moja na deraya moja. Ukitoa 4 kwenye 20 unabakiwa na 16, na 16 inatosha viumbe watano: mmoja wa mana 5 mbele, nyuma yake wa 4, wa 3, na wawili wa 2. Wa mbele awe mpiganaji wa karibu mwenye uhai wa kutosha. Wa nafasi ya pili awe mwenye kipaji cha kufikia kama unaye, au mpiga mshale. Waliobaki wawe wapiga mishale na wanyatiaji, na wa mwisho kabisa usimweke yule usiyetaka kumpoteza, kwa sababu wanyatiaji wa adui wataanzia kwake. Kila mmoja ana deraya, kila mmoja amepata asilimia 10 ya ziada ya kukwepa dhidi ya aliyekuwa na kasi sawa naye, na una mapigo matano kwa raundi badala ya matatu. Zile deraya sita za Tyrus zitaliwa ndani ya raundi moja na pigo moja. Sisemi ungeshinda kwa hakika, kwa kuwa pambano hilo lilikuwa zuri kwa kundi la uhai tangu mwanzo, lakini lingekuwa pambano.

Kwa upande wa moto, Malric Inferno huongeza pointi moja kwenye mashambulizi ya karibu, na kwa yale niliyosema juu ya deraya utaona mara moja kwamba pointi hiyo haina kazi katika pigo la kwanza juu ya kila kiumbe wa Tyrus. Ina kazi kuanzia la pili. Basi ukimtumia, zunguka na wanyatiaji na wale wanaomtafuta aliye dhaifu, kama Kobold Miner na Serpentine Spy, ili mapigo yawe mengi na yasiwe ya mtu mmoja wa mbele. Mwitaji wa 3, wa mbele wa 6, wavamizi watatu wa 3 na mmoja wa 2 ni 20 kamili.

Kuhusu ununuzi: usinunue kiumbe yeyote mkubwa kwa sasa. Unao tayari, na ndio wanaokuponza. Unachokosa ni waitaji wa aina mbalimbali, maana mwitaji mmoja hugusa viumbe sita, na anayefaa siku ya kanuni fulani anaweza kukaa wiki nzima bila kuguswa. Kwa hiyo usikimbilie kununua hata huyo Kelya. Karata za mchezo huu hukodishwa. Mkodi kwa siku chache katika kiwango cha chini kinacholingana na ligi yako, mtumie siku ambazo uchawi umekatazwa tu, na uandike kila pambano: mana ilikuwa ngapi, kanuni zipi, mpinzani alichagua kundi gani, na ni raundi ya ngapi ulipompoteza kiumbe wako wa kwanza. Baada ya mapambano kumi ya aina hiyo utajua kama anakufaa. Alric mwache alipo. Siku uchawi ukiruhusiwa na mana ikiwa ya kutosha, bado sijaona mwitaji wa mana 3 wa maji ninayemwogopa kuliko yeye.